mazEF na kushuka kwa koloni: kifo kilichopangwa, au seli zimesimama tu?

Mkuzabakteria:

Habari wakuu. Nalinganisha E. coli MG1655 asilia na mutanti yake iliyofutwa mazEF (jozi ya jeni za sumu, MazF, na kizuia-sumu, MazE). Utaratibu ni huu: lishe ya M9 yenye glukosi 0.4% na mchanganyiko wa amino asidi, nyuzi 37. OD600 (kipimo cha wingi wa seli kwa mwanga) ikifika 0.5 naweka rifampisini mikrogramu 10 kwa mililita kwa dakika 20, nazimua mara kumi kumi kwenye salaini, napanda mikrolita 100 juu ya agari ya LB, nahesabu koloni baada ya saa 18.

Asilia hushuka kutoka takriban 4×10^8 hadi 5×10^6 kwa mililita. Mutanti hubaki juu ya 10^8. Kwa trimethoprimu tofauti ipo, ila ni ndogo. RT-qPCR (kipimo cha wingi wa RNA) inaonyesha mRNA ya mazEF ikipanda wazi kwa asilia, na sehemu ya seli zinapokea rangi ya propidiamu iodaidi, ambayo kwa kawaida huingia seli zenye utando ulioharibika.

Maswali yangu ni matatu. Je, hii inatosha kuandika kwamba MazF imeua seli kwa mpango? Niongeze kipimo cha TUNEL (cha DNA iliyokatika) ili kuimarisha hoja? Na mtu akiniuliza seli moja inapata nini kwa kujiua, nijibu nini?

---

Hadubini:

Kwa data hiyo unaweza kuandika jambo moja tu: baada ya rifampisini, seli nyingi za asilia hazikutoa koloni inayoonekana ndani ya saa 18. Kutoka hapo hadi "zimekufa" kuna hatua, na kutoka "zimekufa" hadi "zimekufa kwa mpango" kuna hatua nyingine kubwa zaidi.

Historia ya swali lenyewe inakuonya. Mwaka 1996 mazEF ilielezwa kama moduli ya kujiua: MazE ambayo ni kizuia-sumu huvunjwa haraka na proteasi (nusu-maisha yake ni kama nusu saa), MazF ambayo ni sumu hudumu, kwa hiyo uzalishaji wa vyote viwili ukikatika, sumu hubaki peke yake. MazF ni kimeng'enya kinachokata mRNA kwenye mfuatano wa ACA, na usanisi wa protini husimama. Mpaka hapo hakuna ubishi mkubwa. Ubishi ulianza 2002, ilipoonyeshwa kwamba seli zilizozalishiwa MazF zikapoteza uwezo wa kutoa koloni zilirudi kukua zilipopewa MazE baadaye. Kundi lililoanzisha dhana likajibu 2004 kwamba kurudi huko kuna dirisha la muda, na dirisha likifungwa seli hairudi tena. Kisha 2007 ukoo wa MG1655 uliofutwa mifumo mitano ya sumu na kizuia-sumu, mazEF ikiwemo, ulipitishwa kwenye misongo kadhaa na haukutofautiana na asilia. Yaani unaingia kwenye mjadala ambao neno "kufa" ndilo lenyewe linalobishaniwa, na hesabu ya koloni peke yake haiwezi kuuamua.

Sasa vitu vya kurekebisha, kwa uzito wake.

Kwanza, jaribio la kurudisha. Weka mazE kwenye plasmidi (duara dogo la DNA) chini ya promota ya arabinosi, yaani swichi ya jeni inayowashwa na sukari hiyo. Baada ya msongo, panda sampuli ileile kwenye sahani mbili: moja ina arabinosi 0.2%, nyingine ina glukosi 0.2%. Koloni zikirudi kwenye arabinosi, seli zako hazikuwa maiti, zilikuwa zimesimama. Chukua sampuli kwa nyakati nyingi, tuseme dakika 10, 30, 60, 120, 240, kwa sababu swali la dirisha linajibiwa na mstari mzima wa muda. Nukta moja haisemi kitu. Mitego yake ni minne na yote huharibu jaribio kimyakimya:

- Glukosi ya M9 yako huzima promota ya arabinosi. Ukitaka kuwasha mazE ndani ya lishe ya majimaji, badilisha glukosi kwa gliserini 0.4%.
- Rifampisini huzuia RNA polimerasi. Huwezi kuwasha jeni yoyote wakati dawa bado ipo. Osha seli mara mbili kwanza, ndipo uweke arabinosi.
- MG1655 hula arabinosi, hivyo kiwango hushuka kadiri saa zinavyokwenda. BW25113 imefutwa jeni za kuila na inafaa zaidi.
- mRNA ya mazE ikiwa na ACA, MazF itaikata kabla haijatafsiriwa. Badilisha kodoni ili ACA ziondoke bila kugusa amino asidi.

Pili, saa 18 ni chache mno. Seli iliyotoka kwenye msongo huweza kuchelewa saa nyingi kabla ya mgawanyiko wa kwanza. Hesabu saa 24, 48 na 72, na uweke alama kwa kalamu chini ya sahani ili ujue koloni ipi imeota lini. Ikiwa asilia "inafufuka" kati ya saa 24 na 72, ulichopima ni ucheleweshaji.

Tatu, seli zinaweza kufa juu ya sahani yako baada ya msongo kwisha. Mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba E. coli iliyoondolewa kwenye dawa huendelea kukusanya oksijeni tendaji na kufa ikiwa kwenye agari, na kwamba katalasi ndani ya agari huokoa sehemu ya seli hizo. Kwa hiyo rudia kila sampuli kwenye LB yenye piruvati ya sodiamu 0.1%, au katalasi iliyochujwa na kuongezwa agari ikiwa chini ya nyuzi 50. Ikiwa moto zaidi ya hapo kimeng'enya kitaharibika. Tofauti kati ya asilia na mutanti ikitoweka kwenye sahani hizo, mazEF inahusika na ustahimilivu wa oksijeni baada ya msongo. Hilo ni jambo zuri kulijua, ila si lile unalotaka kudai.

Dawa inayobebwa hadi kwenye sahani sidhani ni tatizo lako. Koloni 5×10^6 kwa mililita unazihesabu kwenye mzimuo wa 10^-4, ambako mikrolita 100 zina nanogramu 0.1 tu ya rifampisini ndani ya mililita 20 za agari. Ingekuwa tatizo kama ungedondosha sampuli isiyozimuliwa.

RT-qPCR: iondoe kwenye hoja kuu. MazE na MazF kwa pamoja hukandamiza promota yao. MazE ikivunjwa, promota hufunguka na mRNA hupanda, hata kama hakuna MazF huru ya kutosha kukata chochote. Mwaka 2020 ilithibitishwa kwa mifumo mingi ya E. coli kwamba msongo huongeza unakili bila sumu kuonekana ikifanya kazi. Kama unataka kujua MazF inafanya kazi, tafuta mikato yenyewe: soma ncha za 5' za RNA ujue kama zimerundikana kwenye ACA. Kumbuka MazF huacha ncha ya 5' yenye hidroksili, siyo fosfati, kwa hiyo adapta haitaunganishwa mpaka upitishe RNA kwenye kinasi ya T4 kwanza. Ukiruka hatua hii utapata maktaba isiyo na mikato na utadhani MazF imelala.

TUNEL usipoteze pesa. Huonyesha ncha za DNA iliyokatika, na antibiotiki nyingi zinazoua huishia kukata DNA, ziwe na mpango au zisiwe nao. E. coli haina kaspasi, vimeng'enya vinavyotekeleza apoptosisi, yaani kifo kilichopangwa cha seli za wanyama. Kufanana kwa alama na apoptosisi ya wanyama hakuonyeshi kufanana kwa utaratibu.

Propidiamu iodaidi itumie, lakini kwa tahadhari. Huingia pia kwenye seli hai zenye volteji kubwa ya utando, na hushika DNA iliyomwagika nje ya seli. Andaa mizani: seli zilizouliwa kwa isopropanoli 70% kwa saa moja, zichanganywe na hai kwa uwiano wa 0, 25, 50, 75 na 100%. Bila mstari huo asilimia yako haina maana.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni picha za kufuatana za seli mojamoja. Pedi ya agarosi 1.5%, seli zilizooshwa, picha kila dakika 5 kwa saa 12 au zaidi, rangi ya propidiamu kwa kiwango kidogo ndani ya pedi. Utaona nani alipasuka, nani alisimama akiwa mzima, nani alisimama saa tano kisha akagawanyika. Makundi hayo matatu kwenye hesabu ya koloni huonekana kitu kimoja.

---

Jenomu:

Naongeza upande wa ukoo wenyewe, maana hapa ndipo kazi nyingi za aina hii zimeanguka.

mazEF imekaa mara tu baada ya relA (jeni inayotengeneza ppGpp, ishara ya njaa ndani ya seli), na mazG iko nyuma yake kwenye operoni hiyohiyo. Ukiacha kaseti ya kanamaisini (jeni ya usugu iliyowekwa mahali pa mazEF) pale, huenda umegusa kiwango cha kuwaka kwa mazG, na MazG hukata nyukleotidi, kwa hiyo ppGpp inaweza kubadilika bila MazF kuhusika. Itoe kaseti kwa kimeng'enya FLP (plasmidi pCP20, nyuzi 30, kisha 42 ili plasmidi ipotee), halafu hamishia ufutaji kwenye MG1655 safi kwa faji (virusi vya bakteria) P1.

Kagua relA kwa agari ya M9 yenye glukosi na serini, methionini na glisini milimola 1 kila moja: relA iliyoharibika haioti hapo. Hili ni muhimu hasa kwa anayetumia MC4100, kwa kuwa ukoo huo hubeba relA1. Huwezi kudai kwamba ppGpp ndiyo iliyowasha mazEF ndani ya seli isiyo na relA nzima.

La pili, profaji, yaani faji iliyojificha ndani ya jenomu ya seli. Mnakumbuka ukoo uliofutwa mifumo 10 ya sumu na kizuia-sumu, ambao 2011 ulitolewa kama ushahidi kwamba mifumo hiyo huzalisha seli sugu za muda? Baadaye ikagundulika kwamba koo zile zilikuwa zimeingiwa na faji φ80 maabara, na makala ikaondolewa 2018. Seli yenye profaji ikipata msongo unaoumiza DNA, profaji huamka na kuipasua, nawe utaona "kifo" chenye mpangilio mzuri kabisa. Kwa hiyo soma jenomu nzima ya asilia na ya mutanti kabla ya jaribio lolote. Kina cha mara 30 kinatosha. Na umalize kwa kuirudisha mazEF mahali pake kwenye kromosomu. Plasmidi yenye nakala nyingi hubadilisha uwiano wa sumu na kizuizi chake, kwa hiyo marejesho ya plasmidi ni ushahidi dhaifu.

Na trimethoprimu nayo itazame upya. Kwenye lishe isiyo na methionini, glisini na purini husimamisha tu seli. Ukiviongeza vyote, seli huendelea kutengeneza protini na RNA huku haina thimini, na hufa kifo cha kukosa thimini. Mchanganyiko wako wa amino asidi bila purini unakuweka katikati, hivyo sishangai kwamba athari ni ndogo.

---

Mzimuaji:

Nakubaliana na sehemu kubwa ya hayo, ila msimzike mazEF mapema. Athari inayodaiwa inategemea wingi wa seli. Mwaka 2007 ilielezwa peptidi ya amino asidi tano, Asn-Asn-Trp-Asn-Asn, inayotolewa nje na kuhitajika ili seli zife kwa njia ya mazEF. Seli chache zikiwa peke yake, athari hupotea. Kwa hiyo ushauri wa "osha mara mbili" unaweza kuondoa hicho hicho unachokitafuta.

Gawanya sampuli moja mafungu manne kabla ya kuweka dawa: isiyoguswa, iliyooshwa na kurudishwa kwenye lishe mpya, iliyooshwa na kurudishwa kwenye majimaji ya awali yaliyochujwa kwa 0.22, na iliyooshwa ikapewa peptidi ya kutengenezwa. Lazima kuwe na fungu la tano lenye peptidi ambayo triptofani yake imebadilishwa. Majimaji ya awali yamepungukiwa sukari na yamejaa asetati, na hayo pekee hubadilisha jinsi seli inavyopokea rifampisini. Bila peptidi ya kulinganisha, huwezi kutenganisha ishara na njaa.

Halafu fanya yote hayo kwa wingi tatu tofauti: 10^8, 10^6 na 10^4 kwa mililita. Kwenye ule wa chini, chuja mililita 10 kwenye karatasi ya 0.45 na uiweke karatasi yenyewe juu ya agari, usitegemee mikrolita 100, maana hapo kikomo chako cha kuona ni koloni 10 kwa mililita.

---

Hadubini:

Mzimuaji, hoja ya kuosha ni ya haki. Basi kuosha kufanywe baada ya msongo kwa ajili ya jaribio la kurudisha, na kusifanywe kabla. Hayo hayagongani.

---

FajiT4:

Nijibu swali la tatu, ambalo kwa maoni yangu lilipaswa kuwa la kwanza.

Seli inayojiua haiachi watoto. Jeni ya kujiua inaweza kuenea tu kama kifo chake kinaokoa seli nyingine zenye jeni hiyohiyo. Kwenye rifampisini ni vigumu kuona wokovu huo: dawa iko kila mahali ndani ya chupa, na seli moja ikifa haipunguzi dawa kwa jirani kwa kiasi cha maana. Wanaosema mabaki yake hulisha wengine wanapaswa kuonyesha kwamba chakula hicho huwafikia ndugu kuliko wageni. Ndani ya chupa inayotikiswa, wageni wasio na jeni hunufaika sawasawa bila kulipa chochote.

Kwa faji hesabu inageuka kabisa. Seli iliyoambukizwa na faji T4 imekwisha. Faji inavunja DNA yake na ndani ya nusu saa hivi itatoa chembe mia au zaidi. Ikifa mapema kabla faji hazijakomaa, haijapoteza kitu ambacho haikuwa imeshapoteza, na imewaepusha majirani na mamia ya faji. Ndiyo maana mifumo iliyo imara kuliko yote ya kifo cha bakteria imepatikana kwenye ulinzi dhidi ya faji. CBASS, iliyoelezwa 2019, hutambua maambukizo, hutengeneza nyukleotidi za mzunguko kama ishara, na ishara hiyo huwasha kimeng'enya kinachoharibu utando au DNA. Mfumo mwingine, retroni Ec48, hulinda RecBCD, kimeng'enya cha seli kinachorekebisha DNA: faji ikiizima RecBCD, utando wa ndani wa seli huharibiwa. Mwaka 2022 zikaelezwa gasdemini za bakteria, protini za kundi lilelile linalotoboa utando kwenye kifo cha seli za binadamu, nazo huwashwa kwa kukatwa na proteasi. Hapa neno "mpango" lina maana: kuna kitambuzi, kuna ishara, kuna mtekelezaji, na unaweza kufuta kimoja kimoja ukaona matokeo.

Kuna aina mbili nyingine zisizopaswa kuchanganywa na hii. Plasmidi hubeba mifumo inayoua seli binti iliyoikosa plasmidi: hok/sok ya plasmidi R1, ambamo RNA ya sok huoza haraka huku mRNA ya hok ikidumu, na protini ya Hok huvunja volteji ya utando; au ccdAB ya plasmidi F, ambamo CcdB hutia sumu girasi, kimeng'enya kinachosokota DNA. Hapo anayefaidika ni plasmidi. Na Bacillus subtilis inayoanza kutengeneza spora huua ndugu zake ambao hawajaanza, kwa sumu za skf na sdp. Huko ni kuua mwingine.

Muundo wa makazi nao ni nusu ya jibu. Majaribio ya 2012 kwa E. coli iliyowekewa mfumo wa kujiua ikiambukizwa yalionyesha kwamba wanaojiua hushinda pale makazi yana muundo, ndugu wakikaa karibu na ndugu. Kila kitu kikichanganywa, faida hiyo hupotea. Ukitaka kujaribu mwenyewe, shindanisha wenye mfumo na wasio nao kwa uwiano wa 1:1, 1:10 na 1:100, ndani ya agari laini na ndani ya chupa inayotikiswa, kwa faji ileile.

---

Mkuzabakteria:

Asanteni sana wote, nimenufaika mno. Ninayo T4 na plasmidi yenye toxIN (mfumo wa sumu, ToxN, na kizuia-sumu chake), pamoja na nakala yake ambayo ToxN haifanyi kazi. Napangaje uwiano wa faji kwa seli, na ni dalili ipi inatofautisha kujiua na ulinzi wa kawaida?

---

FajiT4:

toxIN ni chaguo zuri. Ilitambuliwa 2009 kwenye Pectobacterium. Kizuia-sumu chake ni RNA, toxI, inayoshika ToxN moja kwa moja. T4 ikizima unakili wa mwenyeji, toxI haizalishwi tena, ile iliyopo huoza, na ToxN huachiwa kukata RNA.

Uwiano: tumia 0.05 na 5. Seli zisizopata faji hata moja, kwa mgawanyo wa Poisson, ni e^-0.05, yaani 95%, kwa uwiano wa chini. Kwa uwiano wa 5 ni 0.7%. Usitumie 1 wala 2 ukidhani umeambukiza wote: kwa 2 bado 13.5% hawajaguswa, na hao wataota na kukudanganya kwamba seli zilinusurika.

Hesabu ya kisima kimoja: mikrolita 180 za seli zenye OD600 ya 0.3. Ukichukua OD 1 kuwa 8×10^8 kwa mililita, hapo una seli 4.3×10^7. Kwa uwiano wa 5 unahitaji faji 2.2×10^8 ndani ya mikrolita 20, yaani hisa ya 1.1×10^10 kwa mililita. Izimue mara 100 upate ya 0.05. Usiamini OD, panda sampuli ya sifuri upate hesabu halisi, kisha sahihisha uwiano. Hisa iwe imesafishwa, maana lisati ghafi ina chumvi na vipande vya seli vinavyobadilisha ukuaji. Kisima kisicho na faji kipewe mikrolita 20 za bafa ileile.

Dalili unayoitafuta ni hii. Kwa 0.05, wenye toxIN inayofanya kazi huendelea kukua na wenye ToxN iliyokufa huporomoka. Kwa 5, hakuna anayekua. Ulinzi unaoiokoa seli yenyewe, kama vile vimeng'enya vya kukata DNA ya kigeni, huruhusu seli nyingi kuendelea hata kwa uwiano mkubwa, mpaka mfumo uzidiwe.

Lakini OD peke yake itakupotosha kwa T4. Seli iliyoambukizwa tayari ikishambuliwa tena na T4 huchelewesha kupasuka kwa saa kadhaa, kwa hiyo kwa uwiano wa 5 hata seli zisizo na ulinzi zitaonekana zimesimama wima. Pima vitu vitatu pembeni:

Koloni, dakika 15 baada ya kuambukiza kwa uwiano wa 5. Kwenye kujiua hushuka sawa na kwa wasio na ulinzi. Kwenye ulinzi unaookoa hubaki juu.

Vituo vya maambukizo: ambukiza kwa 0.1, subiri dakika 10, osha faji huru mara mbili, kisha panda seli zenyewe juu ya zulia la bakteria wasio na ulinzi. Kila seli inayotoa hata faji moja hutengeneza doa. Gawanya kwa idadi ya wasio na mfumo. Ikishuka sana, maambukizo yanafia ndani.

Faji zinazotoka: chukua sampuli dakika 0, 20, 40, 60 na 90, weka matone machache ya klorofomu ili zilizo ndani zitoke, pima madoa. Kwa uwiano wa 5, wenye toxIN wasizalishe ongezeko la maana.

Baadhi ya T4, hasa T4B, huhitaji triptofani ili kushika seli. Mchanganyiko wako wa amino asidi ukiwa umetokana na kasini iliyomeng'enywa kwa asidi, hauna triptofani, kwa kuwa asidi huiharibu. Ongeza L-triptofani mikrogramu 20 kwa mililita, la sivyo utaona "ulinzi" kwa kila ukoo, hata usio na mfumo.

Na usiku ukipita ukaona visima vya uwiano mdogo vimeporomoka asubuhi, zipande upya faji za hapo: T4 hukwepa toxIN kwa kurudufisha jeni yake ya tifA, protini inayozuia ToxN. Kwa hiyo chukua data ya saa chache za mwanzo.

---

Hadubini:

Neno moja juu ya tafsiri. T4 huvunja DNA ya mwenyeji kwa vimeng'enya vyake yenyewe. Kushuka kwa koloni kwa uwiano wa 5 hakukuambii kama ToxN ndiyo iliyoua au T4 iliua huku ToxN ikizuia tu faji kutengenezwa. Ukitaka kuandika "kujiua", washa ToxN bila faji: zima unakili wa toxI kwa rifampisini, osha, kisha fanya jaribio lilelile la kurudisha, toxI ikiwa chini ya promota ya arabinosi. Zikirudi kukua, basi ToxN husimamisha seli, kama ilivyoonyeshwa 2019 kwa Cas13 ya Listeria, ambayo huilaza seli na faji hukosa pa kuzaliana. Hapo andika "uambukizo unaokatizwa", na neno kifo liache mpaka picha za seli mojamoja zilionyeshe.

---

Mkuzabakteria:

Nimeelewa. Naanza na usomaji wa jenomu na sahani za piruvati, kisha mazE isiyo na ACA kwenye BW25113. Picha za pedi zikishapatikana nitazileta hapa pamoja na hesabu za saa 24, 48 na 72.